Ulimi Juu, Midomo Imefungwa, Pua Kazini: Vidokezo 14 kwa Anayekoroma, Anayepumulia Mdomo na Anayeumwa Taya

Hapo ulipo, bila kubadilisha kitu, jichunguze kidogo. Midomo yako imefungwa au iko wazi? Ulimi umekaa wapi: juu kwenye kaakaa, au umelala chini? Meno ya juu na ya chini yanagusana? Hewa inapita puani au mdomoni?

Kinywa kilichotulia vizuri hufunga midomo bila kuikaza. Ulimi hukaa juu kwenye kaakaa, meno huachana kidogo, na kazi yote ya kupumua huachiwa pua. Kama chako hakiko hivyo, usiogope, wenzako ni wengi. Lakini usipuuze pia. Misuli ya ulimi, midomo, mashavu na koo ikizoea kukaa vibaya kwa miaka, utaiona kazi yake: mtoto analala mdomo wazi, meno ya mbele hayakutani, baba anakoroma hadi jirani anasikia, taya linalia kila ukipiga mwayo.

Habari njema ni kwamba misuli hiyo inafundishika. Ndiyo kazi ya tiba ya misuli ya kinywa na uso: mazoezi mepesi, ya kila siku, ya kurudisha ulimi, midomo na pumzi mahali pake. Si jambo la jana. Alfred Rogers, daktari wa kupanga meno wa Boston, Marekani, aliandika mwaka 1918 kuhusu mazoezi ya misuli ya uso, na baadaye akaeleza kwamba misuli yenyewe ni kifaa hai cha kupanga meno. Leo Brazil ni miongoni mwa nchi ambazo tiba hii imeshika mizizi, na hufanywa zaidi na wataalamu wa matamshi.

Kwetu bado haijazoeleka. Ndiyo maana nimekuandalia vidokezo hivi, ujue pa kuanzia, nini ufanye mwenyewe nyumbani, na wapi usimame umwachie daktari.

1. Anza na kioo, si na mazoezi

Chukua kioo, simama penye mwanga, kunywa funda dogo la maji, kisha limeze huku ukijitazama. Anayemeza vizuri uso wake hutulia; kazi yote hufanyika ndani. Lakini ukiona midomo inajikaza, kidevu kinajikunja mikunjo, au ulimi unachungulia katikati ya meno, basi ulimi wako unasukuma mbele badala ya kupanda juu. Toa ulimi uangalie na kingo zake: alama za meno pembeni huweza kuonyesha kwamba unakandamizwa kwenye meno muda mrefu.

Kwa mtoto, subiri alale fofofo kisha mwangalie. Je, mdomo uko wazi? Mto umelowa mate? Anakoroma? Shingo ameikunja kwa nyuma kama anayetafuta hewa? Mchana angalia midomo iliyokauka na kupasuka, na kama anatafuna chakula huku mdomo wazi kwa sababu hawezi kutafuna na kupumua kwa pamoja. Andika unayoyaona, au mrekodi kwa simu. Daktari atakushukuru.

2. Fungua pua kwanza

Hiki ndicho kidokezo ambacho vingine vyote vinakitegemea. Huwezi kumwambia mtu afunge mdomo ilhali pua yake imeziba. Mwili utachagua hewa, na utakuwa umechagua sawa.

Pua ina kazi ambazo mdomo hauziwezi. Hupasha hewa joto, huilowesha, huchuja vumbi, na ndani ya uwazi wake hutengenezwa gesi ya nitriki oksaidi inayosaidia mishipa ya damu ya mapafu kutanuka. Anayepumulia mdomo hukosa huduma hizo zote, na koo lake huamka limekauka. Miaka ya 1970, huko California, mtafiti Egil Harvold na wenzake waliziba pua za nyani wachanga ili waone kitakachotokea. Wanyama hao walilazimika kupumulia mdomo, wakabadili namna ya kushika ulimi na taya, na meno yao yakapangika vibaya.

Kwa hiyo chunguza kinachoziba. Kama ni mafua ya mzio, punguza chanzo: vumbi la godoro na mapazia, moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, manukato makali chumbani. Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia wengi. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, chukua kikombe kimoja cha mililita 240, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha osha pua kwa bomba safi lisilo na sindano. Maji ya bombani yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe.

Na zile dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku chache. Ukizitumia wiki baada ya wiki, pua huzoea na huziba zaidi zinapoisha nguvu.

3. Nyama za pua ni kazi ya daktari, na kimeo usikate

Nyuma ya pua ya mtoto kuna tezi ambazo wengi wetu huziita nyama za pua. Aghalabu hukua kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa mtoto anapobalehe. Zikikua kupita kiasi, zikisaidiana na mafindofindo, huziba njia ya hewa, na hakuna zoezi la ulimi litakaloziondoa. Mpeleke mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo apimwe. Wengine hutibiwa kwa dawa, wengine hufanyiwa upasuaji.

Baada ya upasuaji, kaa macho. Njia imefunguka, lakini mazoea hayajaondoka. Mtoto aliyepumulia mdomo miaka minne anaweza kuendelea hivyo hivyo ingawa pua sasa iko wazi. Christian Guilleminault, mmoja wa waasisi wa tiba ya usingizi katika Chuo Kikuu cha Stanford, alisisitiza jambo hili hadi mwisho wa maisha yake: tezi zikishatolewa, mtoto afundishwe upya kupumua kwa pua, la sivyo matatizo ya usingizi yanaweza kurudi.

Na hapa niseme wazi jambo linalotuhusu sisi. Mtoto akikohoa sana au akipumua kwa shida, bado wapo wanaokimbilia kumkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kukata kimeo kienyeji kumesababisha watoto kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi na hata kupoteza maisha. Kikohozi kina sababu zake, na sababu hizo hazikai kwenye kimeo. Mjomba, shangazi, bibi: tafadhalini, mtoto apelekwe hospitali.

4. Uoneshe ulimi nyumbani kwake

Tamka "na" polepole, uikawize ile sauti ya mwanzo: "nnnna". Ncha ya ulimi imegusa wapi? Ni kwenye ufizi wenye matuta madogo, nyuma tu ya meno ya juu ya mbele, bila kuyasukuma meno yenyewe. Hapo ndipo nyumbani kwa ncha ya ulimi.

Sasa fanya hivi mbele ya kioo. Weka ncha pale pale. Kisha unyonye ulimi wote juu, hadi nyuma, ugande kwenye kaakaa kama unataka kupiga kidoko. Usiuachie bado. Fungua mdomo taratibu, upana unaoweza, ulimi ukiwa bado umeganda. Utaona ule uzi wa chini ya ulimi umevutika, na utasikia misuli ya chini ya kidevu ikifanya kazi. Hesabu hadi 10. Kisha achia ghafla, kidoko kilie. Rudia mara 10 asubuhi na mara 10 jioni.

Mara ya kwanza ulimi utatetemeka na kuchomoka upande mmoja. Ni kawaida kwa msuli ambao haujawahi kuombwa kazi hiyo. Baada ya wiki chache, punguza kupiga kidoko na ongeza kukaa: ulimi juu unaposoma, unaposubiri daladala, unapoangalia taarifa ya habari. Lengo ni ulimi upande wenyewe bila kukumbushwa.

5. Midomo nayo iende shule

Midomo iliyozoea kuachana huwa milegevu. Kata kipande cha karatasi ngumu, kishike kwa midomo tu, meno yasiguse, ukipumua kwa pua. Hesabu hadi 30, kisha ongeza kadiri siku zinavyokwenda. Mtoto anaweza kushika kijiti cha aiskrimu akiangalia katuni, wewe ukiwa karibu. Usimpe mtoto mdogo kifungo wala kitu chochote anachoweza kukimeza.

Zoezi la pili: tamka "u" ukichongoa midomo kabisa, kisha "i" ukiivuta hadi masikioni. U, i, u, i, mara 20. La tatu: jaza mashavu hewa, midomo imefungwa, hamisha hewa shavu la kulia, kisha la kushoto. Watoto hulipenda hili, na misuli ya mashavu huimarika wakicheza.

6. Jifunze kumeza upya

Tunameza mara mamia kwa siku, nyingi bila kujua, hata usingizini. Ulimi unaosukuma meno kila mara unapomeza, na zaidi unaokaa umeyaegemea mchana na usiku, unaweza kuyazuia yasikutane mbele.

Chukua funda dogo la maji. Weka ncha ya ulimi nyumbani kwake. Funga meno ya magego taratibu. Tabasamu, midomo iachane kidogo ili ujione kwenye kioo. Sasa meza kwa kuukandamiza ulimi juu, kuanzia mbele kwenda nyuma. Maji yakitoka mbele, au uso ukijikunja, punguza funda, rudia. Ukimudu maji, hamia kwenye uji, kisha ndizi laini, kisha chakula cha kawaida.

Kidokezo hiki ni cha lazima kwa mwenye waya za meno au anayepanga kuzivaa. Waya huyasogeza meno, lakini ukizivua na ulimi bado unasukuma, meno yanaweza kurudi yalikotoka. Mwenye kitembe naye hufaidika, kwa kuwa ulimi unaochungulia katikati ya meno wakati wa kumeza mara nyingi huchungulia hapo hapo wakati wa kutamka "s" na "z". Hata hivyo, matamshi yana mazoezi yake yenyewe, kwa hiyo muone mtaalamu wa matamshi.

7. Unakoroma? Zoeza koo

Ukilala, misuli inayoishikilia njia ya hewa hulegea. Ikilegea sana, kaakaa laini hutikisika na hapo ndipo mkoromo unapozaliwa. Kwa baadhi ya watu njia hujifunga kabisa, pumzi ikakatika sekunde kadhaa, mtu akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu, akalala tena. Ndiyo hali ya kukatika kwa pumzi usingizini.

Mwaka 2009, watafiti wa São Paulo, Brazil, walichapisha matokeo ya watu 31 wenye tatizo hilo kwa kiwango cha kati. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ulimi, kaakaa laini na koo kwa takriban nusu saa kila siku, miezi 3. Kundi jingine lilipewa mazoezi ya kuvuta pumzi tu. Waliofanya mazoezi ya ulimi na koo walishuka kutoka wastani wa matukio 22 ya kukatika au kupungua pumzi kwa saa hadi takriban 14. Mkoromo ulipungua na hata mzunguko wa shingo ulipungua. Kundi la pili halikubadilika. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti kadhaa ulikuta matukio hayo yakipungua kwa takriban nusu kwa watu wazima, na zaidi kidogo kwa watoto. Tafiti zenyewe bado ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja.

Uswisi nako, mwaka 2006, watafiti waliwafundisha watu wanaokoroma kupiga didgeridoo, ala ya kupuliza ya wenyeji wa asili wa Australia. Baada ya miezi 4, usingizi wa mchana na kukatika kwa pumzi vilipungua. Wapiga zumari wa pwani yetu, wanaopuliza bila kukata pumzi huku mashavu yakiwa akiba ya hewa, wanaijua vizuri kazi ambayo koo hufanya hapo.

Jaribu haya: kandamiza ncha ya ulimi kwenye kaakaa kisha uuburuze kwenda nyuma, mara 20. Nyonya ulimi wote juu na uukandamize, mara 20. Kandamiza ulimi chini, ncha ikigusa meno ya chini, mara 20. Fungua mdomo tamka "a" fupi fupi ukiangalia kimeo kinavyopanda, mara 20. Ndiyo, kimeo kile kile: kinapanda kwa sababu kaakaa laini linakaza.

8. Zijue dalili ambazo mazoezi peke yake hayazimudu

Mwenzi wako anasema unanyamaza kabisa katikati ya mkoromo kisha unashtuka ukitweta? Unaamka na maumivu ya kichwa? Shinikizo la damu limegoma kushuka? Unasinzia kwenye usukani au juu ya pikipiki? Mtoto anakojoa kitandani upya baada ya kuacha, hatulii darasani, anatoa jasho jingi usiku kwa kuhangaika kupumua? Usianze na kidoko. Anza na daktari.

Kipimo cha usingizi huhesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kwa mtu mzima, 5 hadi 15 ni tatizo dogo, 15 hadi 30 ni la kati, na 30 kwenda juu ni kubwa. Wenye tatizo kubwa mara nyingi huhitaji mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan wa Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Kama umepewa mashine hiyo, itumie. Mazoezi yawe nyongeza, na kama daktari hajakuruhusu usiiache hata kama unajisikia nafuu.

Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe karibu na saa za kulala husaidia pia. Pombe hulegeza misuli ile ile unayohangaika kuiimarisha.

9. Taya likiuma, lipumzishe kabla ya kulizoeza

Meno yako yanatakiwa yagusane unapotafuna na unapomeza, basi. Ukiwa kwenye kompyuta au kwenye foleni na meno yamebanana, misuli ya taya inafanya kazi isiyo na malipo. Jikumbushe: midomo pamoja, meno mbalimbali, ulimi juu.

Kwa taya linalokwenda upande au kulia unapofungua mdomo, wataalamu wa fiziotherapia hutumia zoezi rahisi. Weka ulimi nyumbani kwake, kisha fungua na ufunge mdomo bila ulimi kuachia. Ulimi unakuwa breki, taya linafunguka kwa kiasi na kwa mstari. Mariano Rocabado, mfiziotherapia wa Chile, alijulikana kwa mpango wake wa mazoezi 6, kila moja mara 6, mara 6 kwa siku. Kudhibiti taya kwa ulimi ni sehemu ya mpango huo.

Taya likiwa limewaka, epuka nyama ngumu, miwa, bazoka na kutafuna miraa saa nyingi. Kandamiza kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Unaposikia mwayo unakuja, weka ulimi juu ili taya lisifunguke kupita kiasi. Taya linalolia bila maumivu, mara nyingi si la kutisha. Linaloganda, lisilofunguka upana wa vidole vitatu, au lenye uvimbe, lipeleke hospitali.

10. Kidole mdomoni: tumia sifa, acha shubiri

Mtoto mchanga kunyonya kidole ni maumbile, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Wasiwasi unaanza akikaribia kuota meno ya utu uzima, kama miaka 6, kidole bado kimo. Kidole husukuma meno ya juu mbele na kuuweka ulimi chini.

Kumpaka shubiri au pilipili na kumchapa humwongezea hofu, na hofu ndiyo inayompeleka kwenye kidole. Angalia anakinyonya lini: akichoka? akiogopa? anapolala? Mpe kitu kingine cha kushika wakati huo. Msifu kila usiku aliofaulu. Tabia hiyo ikishaisha, ulimi wake nao ufundishwe kupanda.

11. Udata: usikate haraka, usipuuze pia

Uzi wa chini ya ulimi, ambao wengi huuita udata, ukiwa mfupi sana huufunga ulimi usipande. Dalili kwa mchanga ni kushindwa kushika titi vizuri na mama kuumia kila anaponyonyesha. Kwa mkubwa, ulimi haufiki juu mdomo ukiwa wazi, au ncha huchukua umbo la moyo anapoutoa nje.

Brazil ilipitisha sheria mwaka 2014 inayotaka kila mtoto anayezaliwa hospitalini akaguliwe uzi huo. Kukaguliwa lakini si sawa na kukatwa. Wapo wenye uzi mfupi wanaonyonya, kula na kuzungumza bila shida yoyote, na hao waachwe. Wanaohitaji kukatwa wakatwe na daktari au mtaalamu wa meno, kwa vifaa safi, wala si kwa wembe wa nyumbani. Baadaye mtaalamu aeleze mazoezi ya ulimi, maana ulimi ulioachiwa haujui pa kwenda mpaka uoneshwe.

12. Unayoyaona mitandaoni, yapime

Vijana wanaambiwa kwamba kukandamiza ulimi kwenye kaakaa kutawachonga taya kali ndani ya miezi. Mtindo huo huitwa mewing, kwa jina la daktari wa meno Mwingereza John Mew. Kuweka ulimi juu ni tabia nzuri. Lakini mifupa ya uso ya mtu mzima imeshakomaa, na hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba ulimi utaichonga upya. Ukiukandamiza kwa nguvu siku nzima utaambulia maumivu ya taya.

Mwingine ni kuziba mdomo kwa plasta usiku. Mwenye pua iliyoziba, mwenye pumzi inayokatika, mwenye kichefuchefu au aliyekunywa pombe anaweza kujidhuru vibaya. Mtoto usimzibe mdomo kamwe. Mdomo ulio wazi unakupa taarifa. Sikiliza taarifa hiyo badala ya kuinyamazisha.

13. Kidogo kila siku, kwa miezi

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zina faida zaidi kuliko saa nzima Jumapili. Yaambatanishe mazoezi na jambo ambalo tayari unalifanya: baada ya kupiga mswaki, kabla ya kuoga, gari likiwa limesimama kwenye taa. Bandika karatasi ya siku ukutani, mtoto achore alama kila akimaliza. Fanyeni pamoja, mama, baba na watoto, mbele ya kioo kimoja. Mtoto hujifunza kwa kuiga haraka kuliko kwa kuamrishwa.

Usitarajie badiliko la wiki moja. Tafiti nyingi zilizoonyesha nafuu zilidumu miezi 3 au zaidi, na anayeacha ghafla misuli hulegea tena. Zoezi likileta maumivu makali, simama.

14. Jenga timu yako

Tiba hii haiishi kwa mtu mmoja. Daktari wa masikio, pua na koo hufungua njia ya hewa. Daktari wa kupanga meno hushughulikia meno na mataya, na huyu hupata kazi nyepesi mtoto akifika mapema, kwa kuwa nusu mbili za kaakaa huungana zaidi kadiri umri wa ujana unavyosonga. Mtaalamu wa matamshi au wa fiziotherapia husimamia mazoezi. Hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi na Mulago Kampala zina idara za masikio, pua na koo. Omba rufaa kutoka kituo kilicho karibu nawe.

Ukimpata mtaalamu, muulize: je, umekagua pua kabla ya kunipa mazoezi? Tutajuaje kama ninaendelea vizuri? Lini tutasema haya hayatoshi na tujaribu jingine? Anayejibu kwa utulivu, kaa naye. Anayeahidi kuponya kila kitu kwa kifurushi kimoja cha bei kubwa, muage.

Mzazi mwenzangu, baadhi ya watoto wanaoitwa wazembe darasani hawajalala vizuri tangu wajijue, na hakuna aliyewahi kuwaangalia usiku. Leo wakishalala, washa taa ya simu, ingia chumbani, tazama midomo yao. Ikiwa wazi usiku baada ya usiku, usingoje wakue. Wapeleke wapimwe wiki hii.